Huruma Kama Dhambi ya Kwanza: Maoni ya Kichungaji Juu ya Filamu Moja ya Korea

Katika kurasa hizi tumezoea kuchambua vitabu. Safari hii tunaomba radhi ya wasomaji ili tuseme machache juu ya filamu, tena filamu ambayo wengi wenu hamtaipata katika maktaba ya chuo chochote cha theolojia. Ni ya Korea Kusini, iliongozwa na Park Chan-wook mwaka 2006, nayo inajulikana kimataifa kwa jina la I'm a Cyborg, But That's OK. Kwa Kiswahili tungeweza kuiita "Mimi ni Saibogi, Lakini Si Neno". Saibogi ni kiumbe wa kubuniwa, nusu mtu nusu mashine. Mwaka 2007 filamu hii ilipewa Tuzo ya Alfred Bauer katika Tamasha la Filamu la Berlin, tuzo ambayo wakati huo ilitolewa kwa kazi zinazofungua njia mpya katika sanaa hiyo. Ni hadithi ya mapenzi. Ni ya kuchekesha. Na karibu yote inatendeka ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Mambo hayo matatu yakiwekwa pamoja yanatosha kumtia mchungaji wasiwasi, nasi wasiwasi huo tulikuwa nao.

Tuliiona mara ya kwanza bila kuitafuta. Gari lilikuwa limetuharibikia Katoro, Mkoa wa Geita, na fundi alikuwa ameahidi saa moja ambayo ilikuwa imekwisha kuwa saa nne. Tukaingia katika kibanda cha video. Vijana wa machimboni walikuwa wamejaa kwa sababu moja tu: mmoja wa waigizaji wakuu ni Rain, ambaye walimfahamu kwa filamu ya Ninja Assassin ya mwaka 2009. Walitegemea panga na damu. Walipomwona shujaa wao amevaa kinyago cha sungura na kupiga mswaki bila kukoma, wengine wakatoka wakidai kurudishiwa kiingilio. Waliobaki walicheka sana. Msimulizi, yaani yule mfasiri ambaye sauti yake hurekodiwa juu ya maneno ya wageni kama ilivyo desturi ya vibanda vyetu, alikuwa akiongeza ya kwake kila alipoona Wakorea wamepunguza. Msichana anapoongea na taa, yeye alituambia, "Huyu karogwa, ndugu zangu, karogwa na mtu wa karibu." Kwa Kikorea hakuna aliyesema hivyo. Hata hivyo hatuwezi kumlaumu sana, maana alikuwa akiwafasiria watu wa Geita ugonjwa wa akili kwa lugha ambayo watu wa Geita huutaja.

Kisa chenyewe ni hiki. Young-goon, ambaye ameigizwa na Im Soo-jung, ni msichana mfanyakazi katika kiwanda cha redio. Siku moja, akiwa kazini kati ya safu za wasichana wenzake waliovaa sare, anasikia sauti ikimpa maelekezo. Anajikata kifundo cha mkono, anatia nyaya ndani ya jeraha, anaziunganisha na umeme. Watu wa nyumbani na madaktari wanaona kwamba alitaka kujiua. Yeye anaona kwamba alikuwa akijichaji. Anapelekwa hospitalini, na huko anakataa kula, kwa sababu saibogi hawali wali. Analamba betri. Pale Katoro jambo hilo halikuhitaji mfasiri. Nani kati yetu hakuanika betri za redio juani utotoni, akaamini kwamba zimepata nguvu mpya?

Nyuma ya ugonjwa huo yuko bibi yake. Bibi aliamini kwamba yeye ni panya, akawa hagusi chakula kingine isipokuwa figili. Siku moja alichukuliwa na gari la hospitali, na katika purukushani hiyo meno yake ya bandia yakabaki nyumbani. Young-goon ameyatunza meno hayo. Huyavaa anapotaka kuzungumza na taa za hospitali na mashine ya kuuzia vinywaji, na shabaha yake kubwa ni kumrudishia bibi, kwa sababu bila meno bibi hawezi kutafuna figili zake. Tunaomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Msichana anayejiua kwa njaa anahangaika usiku na mchana ili mtu mwingine aweze kula.

Ndani ya hospitali yumo pia Il-soon, kijana aliyeachwa na mama yake, ambaye anaogopa kwamba atazidi kunywea mpaka awe nukta na kutoweka. Ni mwizi, lakini wizi wake ni wa ajabu: anaamini kwamba anaweza kuwaibia watu tabia zao. Na wagonjwa wenzake wanaamini hivyo hivyo, wakilalamika kwamba fulani kaibiwa hiki na fulani kaibiwa kile.

Sasa tunafika mahali ambapo filamu hii inastahili kusomwa na wanatheolojia. Young-goon ana orodha ya dhambi saba ambazo saibogi hapaswi kuzitenda. Ya kwanza katika orodha hiyo ni huruma. Nyingine ni huzuni, msisimko wa moyo, kusitasita, kuota ndoto zisizo na faida, kujiona na hatia, na shukrani. Anaiamini orodha hii kama mkatekumeni mwema aaminivyo katekisimo, na anateseka kwa sababu hawezi kuitimiza. Anataka kuwaua watumishi wa hospitali waliovaa makoti meupe, kwa kuwa watu wa namna hiyo ndio waliomchukua bibi yake, lakini kila anapotaka kufanya hivyo anawaonea huruma. Kwa hiyo anamwomba Il-soon amwibie huruma yake.

Wasomaji wanajua kwamba orodha yetu ya dhambi saba za mauti ilipangwa na Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6. Park Chan-wook, ambaye alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Sogang, chuo cha Wajesuiti mjini Seoul, bila shaka anaijua pia. Ameipindua. Kila kitu ambacho mashine yake inakiita dhambi, Kanisa hukiomba mbele ya altare. Kujiona na hatia ndiko mwanzo wa maungamo. Huzuni ina zaburi zake. Na shukrani, kwa Kiyunani, ndilo jina la meza ya Bwana yenyewe. Viondoe vyote saba, na unabaki na kiumbe ambaye hawezi kutubu, hawezi kulia na hawezi kula Chakula cha Bwana, ila anaweza kufanya kazi zamu tatu mfululizo.

Hatudhani kwamba ni bahati mbaya kuwa msichana huyu ametoka kiwandani. Sauti iliyomwambia awe mashine imemjia mahali ambapo tayari alikuwa akitumiwa kama mashine. Msomaji wa Shinyanga au Geita hana haja ya kwenda Seoul kuiona orodha ile. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, anayesitasita kushuka shimoni nafasi yake inachukuliwa na mwingine, na anayemwonea huruma mwenzake aliyefukiwa anaulizwa kama amekuja kutafuta dhahabu au kuhani msiba. Kuna na jambo la mwili. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu, na moshi wake inapochomwa, huharibu mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, hasira na woga huzidi. Hatari hiyo imechunguzwa kwa muda mrefu Rwamagasa na vijiji vingine vya Geita. Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa akili wa machimboni ameharibiwa na zebaki, wala filamu yetu haisemi kwamba kiwanda ndicho kilichomgonjesha Young-goon. Tunasema tu kwamba mtu anapojiona si mtu tena, ni haki kuuliza ni nani aliyeanza kumwona hivyo.

Il-soon anakubali kuiiba huruma. Tangu saa hiyo mambo yanageuka kwa namna ambayo ilitufurahisha sana, maana mwizi anajikuta ameibeba. Young-goon, akiwa ameachiliwa na huruma, anaota ndoto ya mchana kwamba risasi zinatoka katika vidole vyake na kuwamaliza wote waliovaa nyeupe. Na Il-soon, aliyekuwa akiogopa tu kutoweka kwake mwenyewe, anaanza kuumia kwa sababu ya mtu mwingine. Mwongozaji alikuwa ametoka kumaliza filamu tatu za kisasi zilizompa jina, ya mwisho ikiwa ya mwaka 2005. Baada ya kisasi mara tatu akatengeneza filamu ambayo ndani yake huruma ni mzigo unaoweza kuhamishwa kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine.

Mandhari ambayo kwayo tunaiandikia filamu hii ni ile ya wali. Msichana amedhoofu na kifo kiko karibu. Madaktari, ambao filamu haiwachori kuwa watu wabaya, wamejaribu maneno, na wamejaribu tiba ya kupitisha umeme kichwani, ambayo yeye ameipokea kwa furaha kama chaji. Il-soon hamwambii kwamba yeye si saibogi. Anatengeneza kidude kidogo na kumweleza kwamba kazi yake ni kugeuza wali kuwa umeme. Anakitia mgongoni mwake kupitia mlango ambao haupo, kwa uangalifu wote wa fundi. Kisha wanakwenda bwalo la chakula, na mbele ya wagonjwa na wauguzi waliokaza macho, Young-goon anameza wali wake wa kwanza. Kibanda kizima cha Katoro kilipiga makofi. Hata mfasiri alinyamaza.

Tulipoionyesha darasani mwaka uliofuata, wanafunzi waligawanyika vikali. Wengine walisema Il-soon amesema uongo, na kwamba mgonjwa hajengwi juu ya uongo. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo, alichofanya Il-soon ni cha zamani kuliko sinema. Nizami Aruzi, mwandishi wa Kiajemi wa karne ya 12, anasimulia katika kitabu chake Chahar Maqala juu ya mwana wa mfalme aliyejiona kuwa ng'ombe, akalia kama ng'ombe, akakataa chakula na kudai achinjwe. Tabibu Ibn Sina akaja na kisu kama mchinjaji, akampapasa mbavu, akasema ng'ombe huyu amekonda mno, mlisheni kwanza anenepe. Mgonjwa akala, na pamoja na chakula akapewa dawa, akapona. Ibn Sina hakuthibitisha kwamba mtu yule ni ng'ombe. Alitafuta mlango pekee ambao bado ulikuwa wazi, akaingia kwa huo na sahani mkononi.

Na Maandiko je? Elia, chini ya mretemu, anaomba afe (1 Fal. 19). Malaika hamfanyii mjadala juu ya ombi lake, wala hamkemei kwa kukata tamaa baada ya ushindi mkubwa wa Karmeli. Anamgusa na kumpa mkate na maji, mara mbili, na katikati anamwacha alale. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, pangoni. Katika Marko 5 tumezoea kuhubiri juu ya mtu wa Gerasi na nguruwe elfu mbili. Lakini sura hiyo hiyo inaishia kwa binti Yairo, na neno la mwisho la Bwana katika sura hiyo ni agizo kwamba msichana apewe chakula. Tumesikia mahubiri mengi juu ya nguruwe. Juu ya chakula kile hatukumbuki kusikia hata moja, yetu wenyewe yakiwemo. Na Luther, katika Katekisimo Kubwa, anaieleza amri ya tano kwa namna ambayo aliyeweza kumlisha mwenye njaa na hakumlisha amehesabiwa miongoni mwa wauaji.

Hapa inatubidi tuseme kwa nini mandhari ile ilitukaa rohoni. Mwaka 2009, tulipokuwa tukianza huduma katika usharika mmoja wa upande wa Geita, ambayo wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, tuliitwa nyumbani kwa binti wa miaka kama kumi na tisa. Alikuwa akifanya kazi mwaloni, pale ambapo unga wa mawe yaliyosagwa kwenye karasha huoshwa ili dhahabu ikamatwe. Aliacha kula. Alisema kwamba tumboni mwake mna dhahabu, na kila anayemletea chakula anataka aitoe ili wamwibie. Tulikwenda na wazee wawili wa usharika. Tulimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kwamba tumboni mwa mtu hamna dhahabu. Tulimsomea Neno. Alisikiliza yote, kisha akatuuliza kama tumetumwa na mwenye karasha. Tukatangaza maombi ya kufunga kwa siku tatu, na (aibu inatushika kuandika haya) hatukuona ajabu yoyote kutangaza njaa katika nyumba ambayo msiba wake ulikuwa njaa.

Siku ya pili bibi yake, mama mzaa mama, hakufuata ratiba yetu. Aliketi karibu na mjukuu wake na bakuli la uji, akamwambia, "Dhahabu haioshwi pakavu, mjukuu wangu. Kunywa, tuioshe huko huko iliko." Binti akanywa. Kesho yake akanywa tena, lakini kwa mkono wa bibi tu.

Bibi yule alikuwa na macho mekundu, kama walivyo wanawake wengi wa Usukumani waliopikia kuni na samadi kavu maisha yao yote. Wasomaji wanaotoka Shinyanga wanajua maana ya macho hayo kwa majirani. Haukupita muda watu wakaanza kusema kwamba afunguaye ndiye aliyefunga. Kwamba mjukuu anakula kwa mkono wake peke yake kwa kuwa mkono huo ndio uliomroga. Mmoja wa waliosema hivyo alikuwa mzee wa usharika, yule yule tuliyekwenda naye. Katika nchi yetu ya kusini mwa ziwa maneno ya namna hiyo yamewaua wanawake wazee wengi, kwa panga, usiku. Wanawe walimhamisha gizani. Jumapili ile sisi tulihubiri juu ya jambo jingine. Binti alifikishwa Bugando, akapata dawa, na baadaye akarudi kwenye hali njema. Lakini majuma yale aliyokaa bila bibi, akiwa amerudia kukataa chakula, tunayakumbuka.

Ndiyo maana hatukuweza kucheka pamoja na wenzetu gari lilipomchukua bibi anayejiona panya. Filamu inacheza haraka hapo, kama inavyocheza haraka mahali pengi, lakini jeraha lote linatokana na pale. Bibi hakuwa na hatari kwa mtu yeyote. Alikuwa aibu tu.

Kuna neno jingine ambalo lilibadilika lilipofika kwetu. Maadui wa Young-goon, wale wenye makoti, mfasiri wa Katoro aliwaita "weupe". "Anataka kuwamaliza weupe," alisema, na tuliona vijana wakitazamana. Msomaji ataelewa. Ni katika mikoa yetu hii, Shinyanga na Mwanza na Geita, kwamba kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino walivamiwa, wakakatwa viungo na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Mauaji anayoyafanya Young-goon yako ndani ya kichwa chake. Muuguzi anapita mbele yake akiwa mzima na trei yake ya dawa. Walioua kwetu walikuwa watu wenye akili timamu, waliopanga bei na kuweka miadi. Filamu haikukusudia kutuambia hilo. Lakini kazi ya sanaa ikisafiri hukutana na mambo ambayo mwenyewe hakuyapakia, na kwa maoni yetu hapo ndipo ilipotuhukumu zaidi: iliwafanya watu wa kibanda wachache, kwa dakika moja, waone kwamba orodha ya saibogi isiyo na huruma inaweza kushikwa barabara na mtu ambaye hakuna daktari atakayemlaza.

Tumeisifu vya kutosha. Tuseme na upungufu wake. Kwanza, filamu hii imeupamba ugonjwa mno. Hospitali yake ni ya rangi za peremende, nguo ni safi, bustani ni ya kijani, na njaa ya msichana inaonekana nzuri kama picha ya kalenda. Aliyewahi kumwogesha ndugu mgonjwa wa akili aliyekaa siku nyingi bila kujitambua, au kumfungua kamba mtu aliyefungwa mtini nyuma ya nyumba, ataona kwamba mwongozaji hakutaka kuchafua viatu vyake. Wagonjwa wengine, isipokuwa wawili, wamebaki vichekesho: kila mmoja amepewa tabia moja ya ajabu na kuachwa nayo. Pili, ipo hatari kwamba mtazamaji kijana ataondoka akiamini kuwa mapenzi ya mvulana yanatosha mahali pa dawa. Ibn Sina, tukumbuke, aliweka dawa ndani ya chakula.

Upungufu wa tatu ni mkubwa zaidi, na unahusu sehemu ya mwisho. Young-goon anaamini sasa kwamba yeye ni bomu, na kwamba akipata umeme wa radi atalipuka. Il-soon anafuatana naye nje usiku wa mvua kuingoja radi hiyo. Radi haiwapigi, asubuhi kuna upinde wa mvua. Kwa Mkorea huenda huo ni utani mtamu. Lakini katika Mkoa wa Geita, ambako Oktoba 2018 radi iliwaua wanafunzi darasani, na ambako radi husemwa kuwa hutumwa na mtu mwenye chuki, kibanda kilinyamaza kwa namna nyingine kabisa na ile ya wali. Kuingia katika dunia ya mgonjwa ili umlishe ni kitu kimoja. Kufuatana naye mpaka kwenye kifo chake ni kitu kingine. Filamu haioni tofauti hiyo, au inaiona na kuificha nyuma ya upinde. Bibi wa yule binti aliijua tofauti: alisema dhahabu ioshwe, lakini asingekubali kamwe ichimbwe.

Wapo watakaouliza kama ugonjwa wa akili ni jambo la kuchekea hata kidogo. Katika fasihi yetu, jibu la Euphrase Kezilahabi lilikuwa hapana. Mwana huyu wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020, aliandika Kichwamaji (1974), riwaya ambayo ndani yake Kazimoto ana elimu na ana mke, na bado anabaki peke yake ndani ya kichwa chake mpaka anajiua. Juu ya upweke, tunamwamini Kezilahabi kuliko Park. Lakini kuna ushahidi upande wa pili, tena kutoka mahali tusipopategemea. Luther, ambaye aliijua huzuni nzito kwa mwili wake, mwaka 1534 alimwandikia Matthias Weller, mwanamuziki aliyekuwa akiteswa nayo, akimshauri ashike kinanda chake na kuimba, wala asikae peke yake na mawazo yake. Kwa Jerome Weller, ndugu yake, alikuwa amekwenda mbali zaidi miaka minne kabla, akimhimiza utani na mchezo na kikombe cha kinywaji. Luther hakuwacheka wagonjwa, aliwatakia kicheko. Filamu hii, inapokuwa katika ubora wake, inafanya hivyo hivyo, na inapoteleza inawacheka.

Kanisa letu halikuanza leo kukaa na watu hawa. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, zaidi ya miaka ishirini kabla serikali ya kikoloni haijafungua Mirembe kule Dodoma mwaka 1927. Mpaka leo ni hospitali ya Kilutheri, na kazi ya mikono na mlo wa pamoja ni sehemu ya matibabu. Lakini kutoka Geita mpaka Korogwe ni safari ndefu ya basi yenye kulala njiani, na mgonjwa asiyetulia hapandishwi basi kwa urahisi. Kabla hajafika huko, au Bugando, amekwisha kupitia kwa mfumu, kwa mtume na nabii wa kwenye turubai, na kwetu. Katika kambi nyingine za maombi mgonjwa hufungishwa, yaani hunyimwa chakula, ili pepo adhoofike. Anayedhoofika tunamjua.

Wahadhiri watakaopenda kuitumia filamu hii katika somo la uchungaji wajue kwamba dakika zake za mwisho zina picha za utupu, na kwamba tukio la kujikata mkono mwanzoni ni gumu kwa wanafunzi ambao nyumbani kwao limetokea. Waonywe mapema. Sisi tulisimamisha filamu mara tu wali ulipoliwa, tukidhani kwamba hapo ndipo penye mjadala. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa Kahama, mkimya, akaomba turudishe nyuma mpaka kwenye gari linaloondoka na bibi. Alitaka kujua ni nani aliyeliita. Tukarudisha, tukatazama tena bila sauti. Ni watu wa nyumbani kwake.